Nilikwenda Johannesburg Kuuza Sauti

Mashoga zangu, tangu nirudi Tanga sijamaliza hata kikombe kimoja cha chai kabla hakijapoa. Kila nikikaa, mtu anauliza, "Saumu, ilikuwaje?" Nikianza kueleza, mwingine anaingia, inabidi nirudi nyuma. Mwajuma ameshasikia habari za mpakani mpaka anazisimulia yeye, na ya studio hajasikia hata moja. Nimeamua kuandika. Mwenye miwani amsomee asiye nayo, na msiniulize habari za tiketi wala viza, maana hizo hazina utamu.

Kwa ambao barua hii itawafikia nao hawanijui: mimi nilikuwa mtangazaji wa stendi. Ile sauti iliyokuwa ikisema, "Abiria wa kwenda Lushoto, basi lenu linaondoka, tafadhali angalieni mizigo yenu," ilikuwa yangu. Watu walinijua kwa masikio. Nikifika sokoni nikauliza bei ya samaki changu, muuzaji anaacha kisu: "Aa! Dada wa spika!" Halafu zikaja skrini. Baada ya skrini ukaja ujumbe wa simu, kila abiria anaambiwa mfukoni mwake basi lake liko wapi. Meneja wetu, muungwana kweli kweli, aliniita ofisini, akanifungulia soda, akaanza kunishukuru. Soda ilipofika nusu nikajua sina kazi.

Nikakaa nyumbani. Nilikuwa natangaza wali ukiiva, mama anacheka na kulia kwa pamoja.

Sasa, binamu yangu Athumani anauza simu na makava yake Fordsburg, kule Johannesburg. Siku ya Idi nilimtumia salamu za sauti, naye kwa kujionyesha akazifungulia dukani kwa spika. Mteja mmoja akauliza hiyo ni redio gani. Mteja mwenyewe anaitwa Kagiso, kijana wa hukohuko, anatengeneza huduma ya simu kwa wafanyakazi wageni wanaotuma fedha makwao. Wengi wao hawawezi kusoma yale maandishi madogo ya kwenye simu, au lugha yake hawaijui. Wanapiga namba, mashine inawaongoza kwa kusema. Kizulu alikuwa nacho, Kishona alikuwa nacho, Kiswahili hakuwa nacho. Akataka nifike anisikie mwenyewe, na nikifaa, nikae nifanye kazi mpaka iishe.

Mama akauliza, "Mtu atoke Tanga mpaka Afrika Kusini kwenda kusema tu?"

"Mama, wenzangu wanakwenda kuchimba."

Kisha akaingia jikoni kunikaangia visheti.

Kutoka Dar mpaka Tunduma

Basi la kwenda Johannesburg lilikuwa la bluu, refu, na viti vyake vilikuwa vimekumbuka kila aliyewahi kuvikalia. Kondakta wetu alikuwa mtu mpole mwenye kisauti chembamba, akisema "tushuke" unadhani anasali. Nilimwonea huruma tangu Morogoro. Mbuyuni aliwaita watu waliokwenda kununua vitunguu, hakuna aliyegeuka. Iringa aliwaita, tukamwacha mmoja, akatukimbilia na bodaboda. Nikajizuia. Nilijiambia, Saumu, wewe ni abiria.

Tunduma nilishindwa kujizuia.

Malori yalikuwa yamepangana mpaka macho yanachoka. Tuliambiwa basi litachelewa, basi abiria wakatawanyika: huyu chipsi, huyu msala, huyu kubadilisha pesa. Mara foleni yetu ikafunguka na dereva akawasha gari. Kondakta akaweka mikono mdomoni, akaita. Kikatoka kile kisauti. Dereva wa nyuma yetu anapiga honi, watu hawaonekani, na kondakta machozi yanamlengalenga.

Nikapanda juu ya zege la kando ya barabara, nikashusha pumzi tumboni.

"Abiria wote wa basi la bluu liendalo Johannesburg! Basi lenu linaondoka! Tafadhali rudini haraka, na kila mmoja amtazame jirani yake kama yupo!"

Mashoga zangu, walikuja! Walitoka vibandani na chipsi zao mkononi, walitoka nyuma ya malori, mmoja alitoka na sabuni usoni. Hata mzee mmoja mwenye kuku wawili alipanda akakaa. Tulipomuuliza anakwenda wapi akasema Mbeya, yaani tulikotoka. "Sasa baba, mbona umepanda?" Akasema, "Nimeambiwa tafadhali."

Hatukwenda mbali. Foleni ilifunga tena hatua chache mbele. Kondakta wa basi jingine akaja mbio: "Dada, na wangu niitie." Nikamwitia. Akaja wa Lusaka, akaja wa Lubumbashi, akaja mama aliyepotelewa na mumewe, tukampata anakula ndizi. Vumbi lilikuwa linaingia kinywani kama unga, jua linawaka, na mimi nasema bila kipaza sauti, tangu adhuhuri mpaka alasiri. Koo lilikuwa linaniwasha na sikujali. Nilikuwa kazini. Tangu ile soda ya meneja sikuwahi kuwa na furaha kama ile.

Tulipovuka upande wa Nakonde nilitaka kumwambia kondakta asante kwa maji aliyonipa. Ikatoka sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta.

Zambia yote bila neno

Nililala nikidhani itarudi. Nikaamka hata ile bawaba haipo. Ilikuwa hewa tupu. Nilikuwa nasafiri nchi nne kwenda kuonyesha sauti, na sauti nimeiacha juu ya zege la Tunduma kwa kuwaita watu wasionihusu. Nililia kidogo dirishani, lakini kulia bila sauti hakuna raha, nikaacha.

Kila mtu ndani ya basi alikuwa na dawa. Mama wa kiti cha mbele alinipa tangawizi mbichi niitafune. Mwalimu mmoja mstaafu akaniambia nilambe chumvi. Kijana wa Kizambia akaninunulia munkoyo, kinywaji chao cha mahindi na mizizi, kichachu kidogo na kizuri sana, nikanywa chupa mbili kama dawa na ya tatu kwa ulafi. Kwenye kituo cha chakula nikaonyesha kwa kidole sahani ya mwenzangu: nshima, ambayo ni ugali wetu uliosongwa laini, pamoja na vitu vyeusi vya kukaanga vinavyolia kinywani kama bisi. Nikadhani ni dagaa wao. Nilikula nikaramba sahani. Kuuliza nisingeweza.

Lusaka akapanda mama mmoja mnene, kichwani nywele zimesukwa kama jengo la ghorofa, mkononi vikapu vitatu. Akakaa kando yangu, na kiti kikamkubali kwa shida.

"Mama, jina yako ni nani?"

Nikafungua mdomo.

"Ah, masikini. Bubu?"

Nikatikisa kichwa, nikaonyesha koo.

"Voilà. Sauti imekimbia." Akavua viatu, akajipanga. "Bon. Usijali. Miye nitasema ya sisi wawili."

Na alisema ya sisi wawili mpaka Johannesburg. Anaitwa Mama Furaha. Ni Mkongo, ametoka Lubumbashi kumwona mama yake, na ana saluni Bertrams, jirani na Troyeville anakoishi Athumani. Nilimwandikia maswali kwenye simu yangu, akawa anayasoma kwa sauti na kuyajibu. Nilimwandikia pia kilichonipata, na kwamba Athumani bado hajui. Alicheka mpaka kile kiti kikalia. Kisha akanishika mkono, akasema, "Lakini uliita bantu, na bantu walikuja. Hiyo haiko zambi." Kwao bantu ni watu, zambi ni dhambi.

Nilimwonyesha picha ya kile chakula changu. "Vile? Vile ni viwavi," akasema. "Vya mopane. Ni vitamu, hapana?"

Nikatafakari. Vilikuwa vitamu.

Beitbridge

Zimbabwe tuliipita watu wakilala. Mpaka wa Afrika Kusini ndio uliotuweka. Foleni ilikwenda kama asali ya baridi, jua lilitoka, likapanda, na Mama Furaha akawa amewajua watu wote wa mbele na nyuma yetu, magonjwa yao na majina ya watoto wao. Nilipofika dirishani nilimkuta afisa mwanamke, nadhifu, amechoka. Karatasi zangu zilikuwa sawa. Akaniuliza ninakwenda kufanya nini.

Mama Furaha akaingiza kichwa pembeni yangu na Kiingereza chake cha saluni. "Anakuja kwa kazi."

"Kazi gani?"

"Sauti. Anauza sauti."

Afisa akaacha kuandika. "Sauti yake?"

"Ndiyo. Iko nzuri sana."

"Mbona hasemi yeye?"

"Hana sauti."

Afisa akatutazama, mmoja baada ya mwingine. Akaniambia niseme jina langu tu. Nilijitahidi kwa nguvu zote. Mlio uliotoka, kuku anayeota ndoto angeuonea haya. Yule afisa alilaza kichwa juu ya meza. Nilidhani amekasirika, kumbe mabega yanatikisika. Akamwita mwenzake, ikabidi nirudie. Mwenzake akashika ukuta.

Akagonga muhuri, akafungua mkoba wake, akanipa pipi mbili za koo. Akasema kitu, na Mama Furaha akanitafsiria: "Anasema uiuze haraka, mbele ya kuoza."

Johannesburg: robot na baridi

Hakuna aliyeniambia kwamba Johannesburg kuna baridi namna ile. Jua linawaka, anga safi, na baridi inakukata masikio. Pale Park Station Athumani alikuwa amekuja kunipokea na wenzake wawili, Mtanga na Mzanzibari, wote wamevaa majaketi na kofia. Alikuwa amewasimulia Fordsburg nzima habari za sauti yangu.

"Haya, binti ami," akasema na kurudi nyuma apate kunionyesha vizuri, "wasalimie hawa!"

Nikawapungia mkono.

"Kwa mdomo!"

Mama Furaha akamweleza. Nilimwona Athumani akipungua ndani ya jaketi lake. "Eish," akasema. Baadaye kidogo akasema tena, "Eish." Kisha akatupakia wote kwenye gari na vikapu vya Mama Furaha tukavipakata.

Njiani akapigiwa simu na mtu aliyekuwa akitusubiri, akamwelekeza, "Tuko karibu, tumebakiza robot mbili." Nikashtuka. Mashine ndiyo iliyonitoa kazini kwetu, nikajua sasa nimefika kwao kabisa, kwamba zinasimama barabarani. Nikabandika uso kwenye kioo nizione. Nikaona maduka, spaza, yaani kiduka chao cha mtaani, imeandikwa rangi nyekundu, mama anachoma mahindi, robot hakuna. Nikamgusa Mama Furaha, nikamwandikia: Robot ziko wapi?

Akasoma kwa sauti. Gari zima likalipuka. Mzanzibari akanionyesha taa za barabarani. "Ile pale, dada. Nyekundu unasimama, kijani unakwenda. Haili watu."

Newtown, siku ya kujaribiwa

Kagiso alikuwa anatungoja siku ya pili yake. Athumani hakulala. Asubuhi alikuja na mpango, na mimi kwa woga nikaukubali. Ule ujumbe wangu wa Idi bado alikuwa nao. Angeuficha mfukoni, Kagiso akisema "sema," yeye anabonyeza, mimi nachezesha midomo. Kagiso hajui Kiswahili, hatajua kinachosemwa. Akishapenda, tutaomba siku chache za kupumzika safari. Mama Furaha akaja pia, alisema hawezi kukosa.

Studio iko ghorofani Newtown, chumba kidogo chenye masponji ukutani. Kagiso ni mrefu, mcheshi, anavaa kofia ya sufu hata ndani. Alinikaribisha kwa heshima kubwa, akaniweka mbele ya kipaza sauti, akaenda nyuma ya kioo. Athumani akasimama karibu nami kama msimamizi wa bibi harusi.

Kagiso akanyanyua dole gumba. Athumani akabonyeza.

"Athumani binamu yangu, Idi mubarak!" ikasema sauti kutoka mfukoni, tamu kuliko nilivyoikumbuka. Nikafungua mdomo, nikafumba, nikafungua. "Tunakuombea afya njema, ingawa kwa picha ulizotuma, hilo tumbo lina afya kuliko wewe..."

Mama Furaha alitoa mlio. Nilimwona anajiziba kwa kitambaa, lakini ghorofa ya nywele ilikuwa inatikisika, na mimi nikimwona mtu anacheka sijiwezi. Nikafumba mdomo nisicheke. Sauti ikaendelea peke yake: "...na shangazi anauliza, utaoa lini, au unasubiri tukuchagulie?" Athumani alipapasa mfuko aizime, akaongeza sauti badala ya kupunguza.

Kagiso akavua vile visikilizio vya masikioni. Akatazama mdomo wangu uliofungwa. Akatazama mfuko wa Athumani uliokuwa unaimba takbira. Nikajua tumekwisha. Nchi nne, visheti vya mama, yote kwisha.

Kumbe yule kijana ameanguka chini kwa kicheko. Tulimwona kwa kioo mpaka kofia, kisha hata kofia haionekani. Alipotoka alikuwa anafuta macho. Athumani alianza kuomba radhi kwa lugha zote anazozijua, na mimi nikaandika kwenye simu kwa Kiingereza changu cha shule: Samahani sana. Sauti ni yangu kweli. Niliipoteza kwa kuita watu mpakani.

Alitaka kujua hadithi yote. Mama Furaha akamsimulia, akaongeza na mbuzi ambao hawakuwepo. Mwisho Kagiso akasema, "Mtu aliyeita mpaka mzima, mimi namsubiri. Tutarekodi jast nau." Nikakaa kitini na koti langu, mkoba magotini, nikisubiri. Nikasubiri sana. Ndipo Mama Furaha aliponieleza kwamba huku maneno hayo hayana maana ya sasa hivi. Maana yake ni siku yoyote Mungu atakayopenda.

Kabla hatujaondoka, Kagiso akatupa maneno nitakayosema, nikayazoee. Alikuwa ameyatafsiri kwa mashine. Mama Furaha akaanza kuyasoma kwa sauti: "Tafadhali shikilia mstari." Akatazama sakafuni, akatazama nyuma ya karatasi. "Mustari gani? Iko wapi?"

Nikachukua kalamu, nikafuta, nikaandika: Subiri kidogo, usikate simu.

"Hapana," akasema Mama Furaha. "Andika: Ngojea kidogo, usikate telefone. Bantu ya kwetu watasikia muzuri."

Nikatikisa kichwa. Akatikisa chake. Nilikuwa nabishana kwa kalamu na yeye kwa mdomo, yeye akisema "makuta" na mimi nikiandika "fedha", Athumani akatia lake, "Watu wanasema hela!" Kagiso alitutazama kama anatazama mpira. Akauliza, "Kwani Kiswahili viko vingapi?" Tukamjibu kwa pamoja, mimi kwa kidole: kimoja! Mama Furaha na Athumani walikuwa wameinua kimoja kimoja, kila mtu chake.

Hapo ndipo Kagiso alipoamua kwamba anayepiga simu aulizwe kwanza anataka kuongozwa na dada wa pwani au na mama wa Kongo. Mama Furaha akapata kazi kabla yangu.

Fordsburg kwa kimya

Mfamasia mmoja mwenye ndevu nyeupe alinimulika kooni, akaniamuru ninyamaze kabisa. Hata kunong'ona alikataza, alisema kunong'ona ndiko kunakochubua. Basi nikawa mtu mkimya katika mji wa wasemaji. Kutwa nilikaa dukani kwa Athumani, nikisikia Kiswahili cha Tanga kimevaa viatu vya huko: "Sharp, kaka, nakuja," sharp ikiwa ndiyo sawa yao. Watoto wa jirani unawaambia kwa Kiswahili leteni maji, wanaleta maji, na majibu wanayatoa kwa Kizulu.

Nikajifunza faida moja ya kunyamaza. Niliingia kwenye soko moja kubwa la Wahindi kutazama vitambaa. Muuzaji akanitajia bei ya doti moja. Nikakitazama kitambaa. Akapunguza. Nikamtazama yeye. Akapunguza tena, akaanza kuniambia habari za kodi ya duka. Nikashusha pumzi tu, maana nilikuwa nimechoka kusimama, akapiga meza akasema, "Mama, wewe mkatili!" na kunifungia. Nilitoka nimemwonea huruma. Kitambaa chenyewe ndicho nilichokishonea hilo gauni mnalolisifu.

Sauti ilirudi bila sherehe. Asubuhi moja nilifungua bomba nisukutue, maji yakaja kama barafu iliyoyeyuka kwa shingo upande.

"Uwiii! Maji gani haya!"

Athumani alitoka chumbani kwake na mswaki mdomoni. Tulitazamana. "Rudia," akasema.

"Maji gani haya, Athumani! Abiria wote wa bafuni, maji yenu ni baridi!"

Tulicheza mle barazani mpaka jirani akagonga ukuta.

Ndani ya kioo

Tulifanya kazi mpaka baridi ikaisha na ile miti yao ya maua ya zambarau ikaanza kuchanua. Nilisema namba zote. Nilisema miji: Tanga, Tabora, Kigoma, Bujumbura. Nilisema "Samahani, sikukusikia vizuri" kwa upole, kwa haraka, kwa kutabasamu. Nilisoma na masimulizi marefu yasiyo na maana, kwa sababu Kagiso alisema mashine itajifunza namna ninavyotamka, ili iweze kusema hata nisiyoyasema.

Siku hiyo niliacha kusoma. Nikamuuliza kupitia kwa Athumani, "Ikishajifunza, mimi utaniita tena?"

Kagiso hakunidanganya. Alikaa kwenye ngazi, akavua kofia. "Labda mara chache," akasema. "Kadiri unavyofanya kazi vizuri, ndivyo nitakavyokuhitaji kidogo."

Nilitoka nje kununua chai. Niliwafikiria akina dada wa kaunta wanaopokea fedha hizo na kuzituma kwa mkono, wanaojua huyu mama hasikii sikio la kushoto. Kuna mmoja ataitwa ofisini na kufunguliwa soda, na sauti itakayomtoa ni yangu. Nikaenda saluni, nikamwambia Mama Furaha nataka kuacha.

Alikuwa anamsuka mteja, hakuinua kichwa. "Ukiacha, watatafuta mwingine. Atasema vibaya, na yule mama ya kijijini atapoteza makuta yake. Sema. Lakini sema kama mutu."

Nikarudi, na nikaweka sharti. Palikuwa na sentensi ya kumkatia simu mtu akikosea mara tatu. Nilikataa kuisema. Nikaandika nyingine: "Usijali, nakuunganisha na mwenzetu akusaidie." Kagiso akasema hapo basi itabidi amwajiri mtu wa kupokea. Nikamwambia, "Ndiyo." Alifikiri siku mbili, akakubali. Mpokeaji huyo ni mwanamke wa Kirundi, na mezani kwake hapakosi wateja.

Kwa hiyo msiniulize kama nina kazi. Ninayo, na sina.

Kurudi

Athumani na Mama Furaha walinisindikiza stendi. Mama Furaha alilia, akanikemea kwa kumliza, akanipa kikapu kimoja kati ya vile vitatu. Huduma ya Kagiso ilikuwa imeshafunguliwa, lakini mimi nilikuwa sijamsikia mtu wa kweli akiitumia.

Jirani yangu wa kiti alikuwa Bwana Shaibu, mlinzi wa ghala, anarudi Pangani baada ya miaka mingi. Hakuamini mifuko yake safarini, akataka fedha zitangulie kwa mkewe. Tulipofika Musina, karibu na mpaka, dereva akasimama kujaza mafuta. "Tukivuka, laini yangu inakufa," Bwana Shaibu akasema, akapiga, akaweka spika.

"Karibu," ikasema simu. "Sema jina la mtu unayemtumia."

Ilikuwa sauti yangu. Nikatazama pembeni, nikauma midomo.

"Mke wangu!" akasema Bwana Shaibu.

"Samahani, sikukusikia vizuri. Sema tena, taratibu."

"Mke wangu, dada! Wa Pangani! Kwani ninao wangapi?"

"Samahani, sikukusikia vizuri."

Akanigeukia. "Huyu dada ana kiburi. Anasikia vizuri sana. Kiziwi hawezi kuwa na sauti nzuri hivyo."

Uvumilivu uliniishia. "Kaka," nikamwambia, "anataka jina lake, siyo cheo chake. Sema tena, taratibu."

Akaganda. Aliitazama simu. Akanitazama mimi. Akaisogeza simu sikioni, akaitoa. "Umesemaje?"

"Sema tena, taratibu."

Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga kioo. "Jamani! Ametoka! Dada wa simu ametoka, yumo humu!"

Viti vya mbele vikageuka, vya nyuma vikasimama. Nikaeleza kwa ufupi, huku nacheka, na mwanamke mmoja akanigusa shavu kuhakikisha. Bwana Shaibu akafuta mdomo, akafunga kifungo cha shati, akakaa wima kama mtu aliyefikiwa na mgeni. Akasema kwa adabu, "Mwanahamisi Bakari."

"Asante," ikasema simu. "Unamtumia Mwanahamisi Bakari. Kama ni sahihi, sema ndiyo."

Basi zima lilikuwa linanitazama mimi, hakuna aliyejua kilichonishtua. Jina hilo sikuwahi kulisema studio. Sikuwahi kulisema popote. Na lilikuwa limesemwa vizuri, kwa ile pumzi ndogo ninayoiweka kabla ya jina la mtu, kama ningemwita mwenyewe barazani kwake.

"Ndiyo," Bwana Shaibu akaniambia mimi, siyo simu.

Haikupita muda mrefu, mkewe akapiga. Zimefika! Watu wakapiga makofi, dereva akapiga honi bila kujua sababu. Bwana Shaibu alikuwa anacheka na macho yamejaa maji. Akataka kuisikia mara moja zaidi kabla laini haijafa, akapiga tena ile namba, mashine ikamsomea kwamba muamala umekamilika. Akaweka simu magotini, akanigeukia, akaweka mkono kifuani.

"Asante sana, dada."

Nikavuta pumzi nimjibu. Simu ikaniwahi.

"Karibu tena."